Kadi Imekwenda Nyumbani

Siku meneja alipopanda juu ya kreti la vifuniko kutangaza kwamba saa za kazi zimepunguzwa kutoka kumi hadi nane, kiwanda kizima kilipiga makofi isipokuwa mtu mmoja. Huyo alikuwa Bi Ribiti. Alisimama kwenye meza yake, nyundo mkononi, akawatazama wenzake mia na thelathini na tisa wakirukaruka na kukumbatiana kana kwamba yule bwana mwenye tai amewatolea kitu mfukoni mwake. Sheria ilikuwa na miezi saba tangu ipitishwe. Viwanda vingine vilikuwa vimeshaifuata, na huyu alikuwa ameikalia kimya mpaka alipoandikiwa barua ya tatu. Leo anaitangaza kwa sauti ya mtu anayegawa sadaka, na watu wazima wenye wajukuu wanampigia vigelegele. Bi Ribiti aliwaonea kinyaa, na hakujisumbua kuficha.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha sufuria. Mabati ya alumini yaliingia upande mmoja, yakakatwa duara, yakapelekwa kwenye mashine kubwa ya kushindilia ambayo iliyabana juu ya kalibu mpaka yakafanya tumbo. Kutoka hapo sufuria zilisuguliwa, zikang'arishwa, na mwisho zikafika mezani kwa Bi Ribiti zikiwa hazina masikio. Yeye ndiye aliyezipa. Ribiti mbili, vile vijisumari vya kubania masikio, upande huu, nyundo, geuza, ribiti mbili upande ule, nyundo, weka kando, vuta nyingine. Miaka kumi na minne. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kadi tu, na kadi yenyewe ilikuwa mikononi mwa mjomba wake.

Mjomba alikuwa karani wa kadi. Alikaa ndani ya kibanda cha vioo karibu na lango, mbele ya ile saa yenye mdomo inayogonga muda kwenye kadi za wafanyakazi, na kwa miaka ishirini na tisa alikuwa amejishawishi kwamba yeye na saa ile ni kitu kimoja. Ndiye aliyewalea Bi Ribiti na mdogo wake mama yao alipofariki, na ndiye aliyewaingiza kiwandani. Jambo hilo hakuliacha lipoe hata siku moja. Kila alipotaka kitu alianza na "mimi niliyewafuta kamasi", kisha akataja alichokitaka. Bi Ribiti alimwamkia kila asubuhi kwa heshima zote, shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, na akapita zake huku akisema moyoni maneno ambayo mpwa hapaswi kuyasema.

Mdogo wake alifanya kazi kwenye mashine ya kushindilia. Watu walimwita Kaptula kwa sababu siku ya kwanza alikuja kazini amevaa kaptula ya shule, na jina likamganda ingawa sasa alikuwa na miaka ishirini na minne na ndevu. Alikuwa kijana mpole kupita kiasi. Jioni ya lile tangazo alikuwa na furaha mpaka akashindwa kula.

"Dada, nikitoka saa tisa, saa tisa na nusu niko hapa. Lile jiko la nje naweza kulijenga kwa mwezi mmoja. Matofali si yapo? Kilichokosekana ni mwanga."

Wote wawili walikaa vyumba viwili, na walipikia kibarazani, mvua ikinyesha moto unazimika. Matofali yalikuwa yameota ukungu nyuma ya nyumba mwaka wa pili sasa, kwa kuwa walitoka kwenda kazini jua likichomoza na walirudi likizama.

"Subiri kwanza uione hiyo saa tisa," Bi Ribiti alimwambia. Alijua anaongea na nani, na alijua wanafanya kazi kwa nani.

Kesho yake, saa tisa kasoro robo, mjomba alipita akiwakusanya watu penye sufuria zilizosuguliwa. Alikuwa amevaa koti.

"Wanangu, sheria inasema saa nane za kazi kwa siku. Na sisi hapa ni watu wa sheria. Kwa hiyo saa tisa kamili kadi zenu zote zitatoka. Msihangaike kupanga foleni, nitawagongea mwenyewe."

"Na sisi?" mtu wa nyuma akauliza.

"Ninyi mtamaliziamalizia."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa kumi na moja, kama siku zote. Kwani mlikuwa mnakufa?" Akacheka peke yake. "Sheria haina macho ya kuona watu, ina macho ya kusoma kadi. Kadi ikisema umeondoka, umeondoka. Mshahara wenu ni uleule, meneja ana amani, serikali ina amani. Mnataka nini tena? Na asiyetaka, nje ya lango wapo wanaotaka."

"Mjomba," Bi Ribiti akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mashine za kusugulia, "yaani kadi yangu itafika nyumbani kabla yangu? Basi naomba uiambie iwashe moto na kuchambua mchele."

Watu waliangua kicheko. Walicheka mpaka wakashikana mabega, wakamsifu kwamba mdomo huo haujapatikana mwingine, kisha kila mmoja akarudi kwenye mashine yake akafanya kazi mpaka saa kumi na moja. Ndivyo walivyokuwa. Walicheka na mwenye kusema ukweli, wakamtii mwenye kusema uongo, na jioni njiani wakanong'onezana jinsi wanavyoonewa. Ukimtaka mmoja wao asimame mbele aseme, ghafla ana mtoto mgonjwa.

Siku ya tatu meneja aligundua kasoro katika ujanja wao. Mtu ambaye kadi imeshasema ameondoka, ukimwona anaondoka kweli utamwadhibu kwa lipi? Dawa ilikuwa kufuli. Ikaamriwa lango lifungwe saa tisa na lisifunguliwe mpaka saa kumi na moja. Mlinzi wa lango alikuwa mzee aliyeitwa Kijiti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kijiti cha kuchokolea meno mdomoni. Mzee Kijiti alifikiri, akaona kwamba lango lililofungwa halihitaji mlinzi. Basi kila siku saa tisa alifunga kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akaenda kwake kulala, akarudi saa kumi na moja. Katika kiwanda kizima ni yeye peke yake aliyepunguziwa saa za kazi.

Miezi minne ilikwenda hivyo. Jiko halikujengwa.

Kisha ikaja siku ile. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini, saa ambayo macho ya mtu aliyesimama tangu asubuhi yanakuwa wazi lakini hayaoni. Mashine ya kushindilia ilikuwa na mdundo wake ambao Bi Ribiti aliusikia kwa mgongo bila kuusikiliza: inashuka, inapumua, inapanda. Ikashuka, na haikupanda. Alijua kabla hajageuka. Mkono wa kushoto wa Kaptula ulikuwa umechelewa kutoka kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimebaki ndani ya tumbo la sufuria.

Hakupiga kelele, masikini. Alisema, "Dada, samahani," kana kwamba amevunja sahani.

Walimbeba watu wanane mpaka langoni, na lango lilikuwa limefungwa. Meneja alisema ufunguo wa akiba ulipotea mwaka juzi. Simu ya Mzee Kijiti ilikuwa imezimwa, maana alikuwa amelala. Bi Ribiti aliigonga kufuli ile kwa nyundo yake ya ribiti mpaka nyundo ikachomoka mpini, na kufuli ikabaki inamtazama. Dakika ishirini mdogo wake alilala chini kwenye vumbi, mkono umefungwa kwa kitambaa cha kusugulia sufuria, damu ikipita kwenye kitambaa, na kiwanda kizima kimesimama kinasema pole. Ndipo Mzee Kijiti akatokea, kijiti mdomoni, akiuliza nani anayegonga lango la watu namna hiyo.

Hospitali waliokoa kiganja. Vidole havikupatikana tena.

Siku ya nne mjomba alifika nyumbani kwao na bahasha. Aliketi, akakohoa, akafungua. Uongozi ulikuwa umechunguza tukio. Kadi ya mhusika ilionyesha kuwa aliondoka kazini saa tisa kamili. Kwa hiyo saa kumi na dakika arobaini alikuwa ndani ya kiwanda bila ruhusa, na uongozi ulikuwa na sababu ya kuamini kwamba alijificha ili kuiba mabaki ya alumini. Hata hivyo, kwa huruma, uongozi ulikuwa tayari kusamehe suala la wizi. Mhusika asaini tu kwamba aliingia kwa hiari yake, hana madai yoyote, na ameacha kazi.

"Na nisiposaini?" Kaptula akauliza.

"Watakupeleka polisi. Utaitwa mwizi, na hakuna kiwanda kitakachokuchukua tena mji huu." Mjomba alimsogezea kalamu. "Saini, mwanangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mkono wa kulia si mzima?"

Bi Ribiti alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Alimtazama yule mzee, koti lake lilelile, kucha zake safi za mtu ambaye hajawahi kushika kitu kizito kuliko mhuri, na akahisi kitu kinakatika ndani yake, ile kamba ya mwisho ya heshima. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, lakini hakuna anayekwambia kwamba utakuwa unakiamkia kila asubuhi.

"Mjomba, ondoka," akasema.

"Unanifukuza mimi? Mimi niliyewafuta kamasi?"

"Tulishakushukuru. Ondoka na kalamu yako."

Kesho yake aliomba ruhusa ya ugonjwa, akaenda ofisi ya kazi, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka karibu wafunge, akaandikisha malalamiko. Waliomwandikia walikuwa wakipiga miayo. Wiki mbili baadaye afisa wa kazi akaja kiwandani kusikiliza shauri.

Alikuwa mtu mfupi mwenye mkoba mkubwa na haraka nyingi. Kikao kilifanyika chumba cha meneja saa nane mchana. Bi Ribiti na Kaptula walipoingia, afisa alikuwa anafuta midomo baada ya chai, na chini ya kiti chake palikuwa na mzigo uliofungwa kwa gazeti: sufuria saba zilizoingiana, kubwa kumeza ndogo. Gazeti lilichanika upande mmoja, sikio likachungulia. Bi Ribiti alizitambua ribiti zake mwenyewe. Yaani walikuwa wamemhonga mtu kwa kazi ya mikono yake, na hata kufunga vizuri hawakujua.

Shauri lilikwenda mbio. Meneja alieleza kwa masikitiko. Mjomba aliitwa, akasimama wima kama mtoto anayesoma shairi.

"Kadi haisemi uongo, mheshimiwa. Ilitoka saa tisa. Nami niliigonga."

"Una undugu na mlalamikaji?"

"Ni mwanangu kabisa, mheshimiwa. Lakini ukweli ni ukweli."

Wale wanane waliombeba waliitwa mmojammoja. Wa kwanza alikuwa msalani. Wa pili hakumbuki saa. Wa tatu alisema aliona watu wamembeba mtu lakini hakuona kama yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Bi Ribiti aliwasikiliza wote bila kukasirika. Kukasirika humstahili mtu uliyemtegemea.

"Ulikuwa unafanya nini kiwandani muda ule?" afisa akamuuliza Kaptula.

"Kazi, mheshimiwa."

"Kadi inasema uliondoka."

Kaptula alitazama bandeji yake, akamtazama mjomba, akainamisha kichwa. Tangu utoto alifundishwa kwamba mkubwa haambiwi mwongo mbele ya watu. Afisa alianza kufunga kalamu. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano.

"Kuna mwingine mwenye la kusema? Kwa ufupi."

Bi Ribiti alikuwa amekuja na maneno makali. Usiku kucha alikuwa ameyanoa. Lakini aliposimama alimwona meneja anatupia jicho saa ya ukutani, mara moja, kisha tena, na akaona mjomba naye anafanya hivyohivyo. Hapo akaelewa wanachokiogopa. Aliyameza maneno yake makali yote, akavuta kiti, akaketi vizuri, akakunja mikono mapajani.

"Mheshimiwa, mimi sikusoma sana. Ofisini kwako waliniambia maelezo ya shahidi lazima yaandikwe neno kwa neno, kisha asomewe. Ni kweli?"

"Ni kweli," afisa akasema bila furaha.

"Basi tuanze. Nilizaliwa siku ya mvua kubwa."

Akaeleza. Alieleza marehemu mama yake alivyokuwa, na maradhi yake, na nani alikuja msibani na nani hakuja. Alieleza jinsi ribiti inavyoshikwa, kwamba kuna wanaoishika kwa vidole viwili na kuna wanaoishika kwa vitatu, na yeye ni wa viwili. Alieleza tofauti ya sikio la sufuria namba tatu na la namba tano, akaomba aletewe sufuria ya mfano, kisha akasema haina haja, ipo moja chini ya kiti cha mheshimiwa. Afisa akainamisha uso na akaandika haraka zaidi. Alimvika mjomba wake kilemba cha ukoka, akamsifu kwa uaminifu wake kwa saa, mwaka hadi mwaka, mpaka mzee mwenyewe akaanza kutikisa kichwa kukubali.

"Mama, fupisha," meneja akasema. Jasho lilikuwa limetokeza juu ya mdomo wake.

"Mheshimiwa, nimeambiwa nifupishe. Naomba na hilo liandikwe, na aliyesema."

Likaandikwa.

Saa tisa ilipofika, mjomba aliinuka. Hakuweza kujizuia, mtu wa watu. Miaka ishirini na tisa ilimwinua kitini, akaomba udhuru, akatoka, na punde ikasikika ile saa ya kibandani: ko, ko, ko, ko, bila kupumzika.

"Hiyo ni nini?" afisa akauliza.

"Ni sisi tunakwenda nyumbani, mheshimiwa," Bi Ribiti akajibu. "Mia na arobaini. Leo mia na thelathini na tisa."

Afisa alitega sikio. Nyuma ya ko-ko-ko, mashine ya kushindilia ilikuwa inashuka, inapumua, inapanda, kama kawaida.

"Mbona mashine zinaendelea?"

"Ni usafi," meneja akasema upesi. "Wanazungusha mashine kutoa vumbi."

Na afisa wa kazi, mtu aliyesomeshwa kwa kodi za watu, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ahaa." Bi Ribiti alikuwa hamtegemei sana, lakini hata yeye alishangaa jinsi mtu anavyoweza kuwa mwepesi. Alimaliza maelezo yake kwa sentensi tatu, akasomewa, akasaini.

Afisa alikunja karatasi, akasema suala litafikiriwa, akachukua mkoba kwa mkono mmoja na sufuria zake saba kwa mwingine, akaelekea langoni. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na mbili. Bi Ribiti na Kaptula walimfuata nyuma polepole, kama wageni wanaosindikiza bwana harusi.

Lango lilikuwa limefungwa.

"Fungueni," afisa akasema.

Mjomba alijikuta ana kazi nyingi ndani ya kibanda.

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao mlinzi," meneja akasema.

"Mlinzi yuko wapi?"

"Ametoka kidogo."

"Anarudi saa ngapi?"

Meneja alitazama viatu vyake. "Saa kumi na moja," Bi Ribiti akamsaidia.

"Saa kumi na moja? Kwa nini saa kumi na moja?"

"Kwa sababu kabla ya hapo hakuna anayetoka, mheshimiwa."

Meneja alipiga simu. Simu ya Mzee Kijiti ilikuwa imelala na mwenyewe. Afisa alitikisa lango, akalipiga teke, akaumia kidole. Ukuta ulikuwa na vipande vya chupa juu. Alizunguka kiwanda chote akitafuta upenyo, mkoba na sufuria vikigongana, akarudi pale pale, jasho limemlowesha shati. Na hapo ndipo mtu yule, ambaye vidole viwili vya binadamu havikumfanya aongeze hata mstari mmoja, alipopata hasira ya kweli.

"Mimi kazi yangu inaisha saa tisa na nusu! Mnasikia? Nina watoto wananisubiri shuleni! Muda wangu wa kazi umekwisha, hamna haki ya kunishikilia hapa hata dakika moja!"

Sauti yake ilifika mpaka ndani. Mashine zikapungua, watu wakachungulia milangoni wakiwa na vumbi jeusi usoni, mmojammoja, wakajaza uwanja.

"Pole, mheshimiwa," Bi Ribiti akasema. "Na wetu umekwisha. Kadi zetu zimeshafika nyumbani."

Afisa aliwatazama. Akaingia kibandani, akamsukuma mjomba kando, akachomoa kadi moja, mbili, kumi. Saa tisa. Saa tisa. Saa tisa. Akatoka, akawatazama tena. Akaweka zile sufuria chini kana kwamba zimemuunguza, akageuza kreti la vifuniko, akalikalia, akatoa kalamu.

Aliandika mpaka saa kumi na moja. Aliandika kwa chuki, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama. Na sasa kwa kuwa mkubwa amekasirika, wale wanane wote wakakumbuka saa, wakakumbuka damu, wakakumbuka hata rangi ya kitambaa. Bendera hufuata upepo. Bi Ribiti hakujidanganya kwamba haki imemshukia mtu yule kutoka mbinguni. Alikuwa mtu aliyecheleweshwa kwenda kwake, basi. Lakini karatasi ilikuwa karatasi, na jina la mdogo wake lilikuwa ndani yake kama mfanyakazi aliyeumia kazini.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko alivyotarajia. Neno "mwizi" likafutwa, kwa barua. Matibabu yakawa juu ya kiwanda, na Kaptula akapewa kazi ya kukagua vifuniko. Kufuli ikaondolewa, na saa tisa watu wakatoka wao wenyewe na miili yao. Wakaanza kutembea kifua mbele wakisema "tulipambana". Meneja hakutikisika. Aliapa mbele ya wakubwa kwamba hakujua lolote, kwamba ni karani wake aliyekuwa akighushi kadi kwa ujinga wa uzee, na karani akafukuzwa kazi siku hiyohiyo.

Siku ya mapumziko, saa tisa juu ya alama, mjomba alibisha hodi.

Walikuwa nyuma ya nyumba wanajenga jiko. Kaptula alikuwa anabeba tofali mojamoja kwa mkono wa kulia, akiliegemeza kwenye kiganja chenye vidole vitatu, na Bi Ribiti alikuwa anapanga. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni.

"Shikamoo mjomba," Kaptula akasema, akamtolea kigoda.

Bi Ribiti aliamkia pia, maana alilelewa.

Mjomba hakuwa na koti. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba ameponzwa, kwamba yeye alitumwa tu, na kwamba afisa yule anamsikiliza sana Bi Ribiti siku hizi. Akienda akasema neno moja tu, kwamba amri ilitoka kwa meneja, pengine angerudishwa, au angalau apewe haki zake za miaka ishirini na tisa.

"Nimekusikia, mjomba," Bi Ribiti akasema. "Kaa hapo. Nitakujibu."

Akarudi kwenye ukuta wake. Alipanga tofali, akapima kwa kamba, akaligonga, akaweka udongo, akachukua lingine. Mjomba alikaa. Kivuli cha paa kilikuwa miguuni pake, kikasogea taratibu. Alikohoa. Alipangusa suruali. Alimfukuza nzi. Jua lilimfikia shingoni, akahamisha kigoda, likamfuata.

"Mwanangu, vipi?"

"Bado kidogo, mjomba."

Kaptula alimletea maji. Alimtazama dada yake kwa macho ya kusihi, na dada yake akamwonyesha matofali. Mjomba alisimama, akaketi. Hakuthubutu kuondoka, maana akiondoka angelikosa jibu. Mara tatu aliuliza saa, na mara tatu Kaptula alimwambia, saa tisa na nusu, saa kumi, saa kumi na robo. Aliinama akashika kichwa kwa mikono miwili. Majirani walipita wakamwamkia, akashindwa hata kuitikia vizuri.

Saa kumi na moja Bi Ribiti aliosha mikono, akajifuta kwenye kanga, akaja akasimama mbele yake.

"Jibu langu ni hapana. Nilikuwa nalo tangu ulipobisha hodi."

Mzee aliinua uso. "Sasa kwa nini umenikalisha hapa saa mbili nzima?"

"Umezihesabu?"

Mzee aliinuka kwa kushika magoti, akatafuta njia. Kaptula, kwa kuwa ni Kaptula, alimshika mkono akamsindikiza mpaka barabarani. Bi Ribiti aliwatazama wanavyokwenda, akainama akaokota kamba ya kupimia, kwa sababu mwanga ulikuwa bado upo na ukuta ulibaki mistari minne.